Pesa ilikuwepo, bili ikachelewa: kutafuta ugonjwa wa malipo ya kadi ya mkopo Marekani

Shangazi yangu alipigwa faini ya kuchelewa mwezi wake wa pili tu na kadi ya mkopo, hapa Ohio. Pesa alikuwa nazo, bili aliisoma, tarehe aliijua. Kwenye karatasi paliandikwa malipo yafike kabla ya 5:00 PM, naye akasoma kama anavyosoma mtu wa Tanga: saa tano usiku. Akapika, akala, akaswali Isha, na saa tatu usiku akakaa kitako na simu yake kulipa bila haraka. Saa tano ya Wamarekani ni saa kumi na moja jioni yetu. Benki ilikuwa imeshaifunga siku saa nne nzima kabla yake.

"Kwa hiyo hawa wana saa yao peke yao, mwanangu?"

Wanayo, Shangazi. Tangu siku hiyo watu huniletea simu zao, Wakenya, Warundi, Wakongo wa Uvira na Bukavu, na karibu kila mmoja huanza na neno lile lile: "Lakini nililipa!" Mara nyingi ni kweli alilipa. Ila kulipa kwake kulikuwa kubonyeza kitufe, na kulipa kwa benki ni kupokea. Kati ya kubonyeza na kupokea ndiko magonjwa mengi yanakojificha, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa malalamiko ninayoyasikia. Nikisema "benki ya kadi" ni ile iliyokupa kadi. "Benki yako" ni ile unayoingiziwa mshahara.

Kwanza kabisa: umechelewa siku ngapi?

Usitafute mchawi wakati nyumba inaungua. Fungua programu ya benki ya kadi, lipa leo hii angalau kiwango cha chini, yaani kile kiasi kidogo kabisa ambacho bili inakutaka ulipe mwezi huo, ndipo uhesabu siku.

Kama hazijatimia 30, jambo hilo bado ni lako na benki tu. Utatozwa faini, kwa kawaida dola 30 na ushee mara ya kwanza, na ukirudia ndani ya mizunguko sita ya bili inayofuata inaweza kupita 40. Riba nayo inaendelea. Kagua kitu kimoja: faini haitakiwi kuzidi kiwango cha chini ulichopaswa kulipa. Kama kiwango kilikuwa dola 25, faini ya 30 ni kosa lao, na una haki ya kudai.

Zikitimia siku 30, wanaweza kupeleka jina lako Equifax, Experian na TransUnion, zile taasisi tatu zinazotunza taarifa za mikopo. Alama ya kuchelewa inaweza kukaa huko miaka 7, na utakutana nayo ukiomba nyumba ya kupanga au mkopo wa gari. Zikifika 60, benki inaruhusiwa kupandisha riba hata kwenye deni la zamani. Ukilipa kwa wakati miezi sita mfululizo baada ya hapo, inapaswa kuirudisha ilipokuwa kwa deni hilo la zamani.

Kwa hiyo aliye siku ya 27 hana ruhusa ya kusema "nasubiri mshahara wa Ijumaa". Kiwango cha chini huwa kidogo. Kitafute popote leo.

Ukishalipa, piga namba iliyo nyuma ya kadi. Kama Kiingereza kinakupa taabu, uliza kama kuna mkalimani wa Kiswahili, au kaa na kijana wako pembeni, simu ikiwa kwenye spika. Usieleze hadithi ndefu. Sema kwamba hii ni mara ya kwanza, umeshalipa, na unaomba faini iondolewe. Hakuna sheria inayowalazimisha, lakini kwa mteja asiye na rekodi ya kuchelewa hukubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Shangazi aliondolewa faini yake ndani ya dakika sita, tano kati ya hizo tukisikiliza muziki. Ukikubaliwa, ulizia na riba. Wengi husahau.

"Nililipa siku ya mwisho, wanasema nimechelewa"

Sababu ya kwanza umeshaiona: saa. Sheria ya kadi aliyoisaini Obama mwaka 2009 hairuhusu benki kuweka mwisho kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho. Baadhi zinaongeza muda hadi usiku kwa wanaolipa kwa simu. Lakini ni saa ya wapi? Mara nyingi ni ya huko malipo yanakopokelewa. Ukiwa Seattle na benki inahesabu kwa saa za New York, saa nane mchana yako ndiyo saa kumi na moja jioni yao. Soma nyuma ya bili, kwenye maandishi madogo.

Sababu ya pili ni tarehe. Mmarekani huandika mwezi kwanza. Bili imekufikia katikati ya Juni, imeandikwa 07/08, wewe uliyesoma Bujumbura au Mombasa unaona Agosti 7, mbali kabisa. Ni Julai 8. Makosa haya yana ujanja wake, kwa sababu ikiwa 07/25 utashtuka mwenyewe kwamba hakuna mwezi wa 25. Yanayokuponza ni yale yenye siku 12 za kwanza za mwezi. Dawa ni kuandika tarehe kwa mkono wako, jina la mwezi kwa herufi, siku ile ile ya kwanza unapopata kadi. Ukishaandika "tarehe 8" imetosha, maana sheria hiyo hiyo inataka tarehe ya mwisho iwe ile ile kila mwezi.

Sababu ya tatu ni Jumapili. Watu wamesikia kwamba siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo benki haipokei malipo ya posta, malipo ya siku ya kazi inayofuata hayajachelewa. Ni kweli, kwa anayelipa kwa posta. Kama benki inapokea malipo ya mtandaoni siku hiyo ya Jumapili, wewe wa simu huna cha kujitetea.

"Pesa imetoka benki kwangu, kadi haijaiona"

Uliza kwanza: ulilipia upande gani?

Ukilipia ndani ya programu ya benki ya kadi, kwa kawaida wanakuhesabia siku hiyo hiyo hata kama pesa yenyewe itatoka kwako baada ya siku mbili tatu. Ukilipia upande wa benki yako, kwenye ile sehemu ya kulipia bili, inayohesabiwa ni siku pesa inapofika. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawaamini mpaka niwaonyeshe: wakati mwingine benki yako haitumi pesa kwa mtandao. Inachapa hundi ya karatasi, inaitia kwenye bahasha na kuipeleka posta! Wewe umebonyeza simu, kumbe bahasha inazunguka barabarani wiki nzima. Dalili yake ni kwamba programu inakuonyesha tarehe mbili, ya kutuma na ya kufika, zikiwa zimeachana siku tano au zaidi. Ukiona pengo hilo, hamia upande wa benki ya kadi.

Kama kadi iliibiwa au ikapotea ukapewa nyingine, namba imebadilika. Benki yako bado inaikumbuka ya zamani. Pesa inaweza kuzunguka siku kadhaa ikitafuta akaunti, au kurudi. Badilisha namba siku ile ile bahasha ya kadi mpya inapofika, kabla hujaitumia dukani.

Halafu kuna tiki ya kijani. Jirani yangu alilipa dola 140, simu ikaweka tiki, ikaandika asante, na nafasi yake ya kukopa ikapanda pale pale. Baada ya siku tatu malipo yakarudishwa. Tulipofungua namba ya akaunti aliyoingiza, ndani yake palikuwa na 86 badala ya 68. Ile tiki ina maana moja tu, kwamba ombi lako limepokelewa. Pesa haijathibitishwa. Malipo yakirudi, benki ya kadi inaweza kukutoza kwa kurudi kwake, benki yako nayo ikatoza ya kwake kama akaunti haikuwa na kitu. Unapounganisha akaunti mpya, lipa kidogo kwanza, wiki moja kabla, uone kama pesa imetoka kweli kwenye akaunti ya hundi (checking), ile ya matumizi ya kila siku. Na iwe akaunti ya hundi, si ya akiba, kwa sababu benki nyingine huzuia makato kwenye akiba.

Kama kila kitu kiko sawa na bado kadi haijaona kitu, omba benki yako namba ya kufuatilia muamala, kisha uwapelekee benki ya kadi pamoja na taarifa ya akaunti inayoonyesha pesa ilivyotoka. Bila namba hiyo mtazunguka kwenye simu hadi jua lizame.

"Niliweka ijilipe yenyewe, haikujilipa"

Hili ndilo linalouma kuliko yote, maana mtu alijitahidi.

Chunguza kama ulichelewa kuiweka. Malipo ya otomatiki mara nyingi huanza na bili inayofuata, si hii iliyokwisha kutoka. Umeiweka tarehe 3, bili ya kulipwa tarehe 8 inabaki mikononi mwako. Angalia programu inasema malipo ya kwanza ni lini. Kama haikutaja tarehe iliyo kabla ya siku yako ya mwisho, lipa mwenyewe mwezi huu.

Chunguza akaunti inayokatwa. Umehama benki kwa sababu ile mpya ilikuahidi dola mia mbili za kukaribisha, ukaifunga ya zamani, kadi ikaendelea kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Chunguza ulichagua kiasi gani. Kwa kawaida kuna machaguo matatu: kiwango cha chini, salio (deni lote) lililoandikwa kwenye bili, au kiasi unachokipanga mwenyewe. Kile cha kupanga mwenyewe ni mtego. Uliweka dola 50 wakati kiwango cha chini kilikuwa 35. Krismasi ikapita, deni likakua, kiwango cha chini kikawa 62, nayo ikaendelea kukata 50 yake kwa uaminifu. Pungufu ya kiwango cha chini huhesabika kama hujalipa.

Na chunguza siku. Wengi wanaweka siku ile ile ya mwisho ili pesa ikae nao muda mrefu. Ikigoma siku hiyo, huna siku nyingine. Iweke siku nne au tano kabla.

Maoni yangu kuhusu kiasi yanapingana na ushauri wa watu wengi hapa. Husemwa uweke salio lote lijikate. Kwa mwenye mshahara mnono usiotetereka, sawa. Lakini wengi wetu tunalipwa kwa saa, ghalani na kwenye nyumba za wazee, na Ijumaa usiku simu inaita kutoka nyumbani: mtoto karudishwa kutoka shule, mama amelazwa. Unatuma mia tatu. Jumatatu kadi inakuja kukata mia nane, haikuti kitu, malipo yanarudi. Mimi naweka kiwango cha chini tu kijikate chenyewe, kama bima, na salio lililobaki nalipa kwa mkono wangu nikiona akaunti. Hatari ya njia hii ni uvivu: ukiacha kiwango cha chini kijikate na usiongeze kitu, hutachelewa hata siku moja lakini riba itakula kwa miaka. Kwa hiyo njia hii ni ya mtu anayefungua programu yake. Asiyefungua afuate ushauri wa wengi.

Tena, ukilipa kwa mkono kabla, uliza kama makato ya otomatiki yatasimama. Benki nyingine hupunguza au kuacha, nyingine hukata tena kama kawaida.

"Nililipa mapema mno"

Inachekesha lakini ipo. Bili hufungwa, yaani hesabu ya mwezi hukatwa na bili kutoka, siku fulani, tuseme tarehe 12, na benki inapaswa kukutumia angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho. Mama mmoja alilipa dola 100 tarehe 10. Bili ikafungwa tarehe 12, ile mia ikahesabiwa kwenye mzunguko uliokwisha, bili mpya ikatoka na kiwango cha chini chake. Yeye akajua ameshalipa ya mwezi huo, akalala. Malipo ya bili ni yale yanayofika baada ya bili kutoka. Kulipa kabla ya kufungwa kunapunguza salio na kunasaidia alama zako za mkopo (credit score), lakini kama bili mpya ina kiwango cha chini zaidi ya sifuri, bado unadaiwa.

Hivyo hivyo kwa kurudishiwa pesa dukani. Umerudisha viatu, dola 80 zimerudi kwenye kadi, kiwango cha chini kilikuwa 40. Kwa benki nyingi hayo si malipo yako. Lipa 40.

"Nimemaliza deni lote, imekuja bili ya dola 13"

Ukiwa na deni linalobebwa mwezi hadi mwezi, riba huhesabiwa kila siku, hadi siku pesa inapofika. Chukua deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka: ni kama senti 66 kwa siku. Bili ilifungwa, ukailipa yote siku 20 baadaye. Zile siku 20 zimezaa dola 13 ambazo hazikuwemo kwenye bili uliyolipa. Si wizi. Ila mtu anaona amemaliza, anaitupa kadi kabatini, hafungui barua tena, na dola 13 zinamletea faini. Baada ya kumaliza deni la muda mrefu, subiri bili mbili zenye sifuri kabla ya kushangilia.

"Kila mwezi napungukiwa siku tatu tu"

Mshahara unaingia kila Ijumaa ya pili, kodi ya nyumba inaondoka nao tarehe 1, kadi inataka tarehe 3. Hapo huna ugonjwa wa nidhamu, kalenda imekaa vibaya. Omba benki ya kadi ihamishe tarehe ya mwisho. Nyingi zinaruhusu, baadhi ndani ya programu yenyewe, na huchukua mzunguko mmoja au miwili kuanza kufanya kazi. Katikati hapo endelea na tarehe ya zamani! Nimeona waliochelewa kwa kuamini tarehe mpya imeshaanza.

Njia nyingine ni kulipa mara mbili kwa mwezi, kila mshahara ukiingia, nusu kwa nusu, mradi zote mbili ziingie kati ya kutoka kwa bili na siku ya mwisho. Hakuna anayekukataza.

"Bili yenyewe sikuiona"

Umehama nyumba, au ulikubali bili za barua pepe zikaangukia kwenye takataka. Kutoiona bili hakukusaidii mbele ya benki. Weka ukumbusho wa ujumbe mfupi kutoka benki ya kadi, siku saba kabla, na mwingine wako mwenyewe kwenye simu.

"Bili ina kosa, kwa hiyo silipi"

Usigome nzima. Una siku 60 tangu bili ya kwanza yenye kosa itumwe kupinga kwa maandishi, na wakati wanachunguza huna lazima ya kulipa kile kiasi unachokipinga. Kilichobaki ni deni lako la kila siku, na kina tarehe yake ya mwisho kama kawaida.

"Niko nyumbani likizo, programu imenifungia"

Unafika Dar, unaingiza neno la siri, benki inatuma namba ya siri kwenye laini ya Marekani ambayo umeizima ukaweka ya huku. Hapo umekwama, na ukijaribu mara tatu wanakufungia kabisa. Jambo hili hutatuliwa kabla ya safari: weka kiwango cha chini kijikate chenyewe, hakikisha simu yako inatambuliwa na programu bila ujumbe mfupi, au acha laini ile ikiwa hai kwa ajili ya kupokea tu. Usimwachie mtu neno lako la siri, hata awe ndugu wa tumbo moja.

Na saa, tena. Saa kumi na moja jioni ya New York ni saa sita usiku Kenya na Tanzania majira yao ya joto, na saa saba usiku majira ya baridi.

Desemba Shangazi alikuwa Tanga. Alinipigia nikiwa kazini.

"Huku saa sita usiku. Kwao saa ngapi?"

"Saa kumi jioni, Shangazi. Bado una saa nzima."

"Najua. Nimelipa tangu asubuhi. Nilitaka kuhakikisha hesabu tu."